Farasi Mwenye Chongo na Mama Yangu

Nilifanya kazi juu ya mgongo wa farasi kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, na niliifanya vizuri. Nasema hivyo bila kuona haya. Wapo waliopanda farasi ili wapigwe picha, na wapo waliopanda kwa sababu walipangiwa. Mimi nilipanda kwa sababu niliipenda ile kazi kupita kiasi. Nilipostaafu polisi nilikuwa na cheo cha mkaguzi, goti moja bovu, na nishani ya ushujaa ambayo sikuiomba lakini niliivaa kila sikukuu ya taifa kifua mbele. Kisha nikapanda treni kurudi nyumbani Kasingirima, kule Ujiji, na huko nikakuta kazi iliyonishinda. Mama yangu alikuwa anapofuka, na hakutaka kusikia habari ya daktari.

Jicho lake la kushoto lilikuwa limefunikwa kabisa na ukungu mweupe. La kulia lilikuwa bado linapata mwanga na vivuli, kiasi cha kutofautisha mtu na mlango. Hospitali walishamwambia kwamba ni mtoto wa jicho, kitu kinachotolewa asubuhi na jioni mtu yuko kwake anakula. Walimwambia pia kwamba akingoja mpaka macho yaanze kumuuma kwa ndani, hapatakuwa na cha kufanya tena. Yeye aliwashukuru, akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo aliyemtajia hospitali alipewa kisogo. Kaka yangu anayeishi Mwanza alinipigia simu mara tu nilipofika. "Mbebe umpeleke," akasema. "Si wewe ni polisi?"

Mama si mtu wa kubebwa. Ni Mmanyema wa hapahapa Kasingirima, mjane tangu mimi nikiwa shule ya msingi, na alitulea kwa kuuza mawese barazani. Mpaka leo wateja wanakuja na madumu yao. Anafungua kifuniko, ananusa, anachovya kidole, anakisugua kwa dole gumba, kisha anatoa hukumu: haya mapya, haya yamechanganywa, haya rudisha ulikoyatoa. "Macho ya nini?" ndivyo alivyokuwa akiwajibu watu. "Mawese hayataki macho." Wakati huohuo alikuwa anajikwaa kwenye kizingiti alichokivuka tangu alipoolewa, na mkononi alikuwa na kovu bichi la kuunguzwa na sufuria.

Siku za mwanzo nilimwendea kama afisa. Nilizungumza na dereva wa bajaji, nikapiga pasi gauni lake zuri, nikasimama mbele yake barazani nikamwambia, "Mama, kesho asubuhi tunakwenda hospitali."

"Nenda," akasema. "Hilo goti lako linahitaji kutazamwa."

Nikapandisha sauti. Nikamweleza hatari moja baada ya nyingine, nikamwambia anataka kutusumbua sisi watoto wake, nikamwambia na mengine ambayo mtu humwambia mama yake akiwa amechoka. Alinisikiliza mpaka nikamaliza pumzi. Kisha akasema polepole, "Hapa si kituo cha polisi. Na mimi si farasi wako."

Nilitoka bila kuaga. Nilikuwa na hasira, nikateremka mpaka mwaloni, kando ya ziwa, pale wanawake wanapoanika dagaa, nikasimama kuwatazama kama mtu aliyetumwa kuwahesabu. Mimi niliyesimamisha umati wa watu, nashindwa na bibi kizee mmoja aliyekaa mkekani! Maneno yake yaliendelea kunichoma. Mimi si farasi wako. Ndipo nikapata akili. Kwa kweli angekuwa farasi wangu, nisingemwendea namna ile hata siku moja.

Niliingia kikosi cha farasi kwa ubishi tu. Tulikuwa chuoni, mafunzo yanakaribia kwisha, akaja ofisa kutoka Dar es Salaam akauliza nani amekulia na wanyama. Vijana wa Kisukuma na wa Kimasai wakanyoosha mikono. Mimi nikanyoosha wa kwangu, ingawa mnyama pekee wa nyumbani kwetu alikuwa paka, na yeye alikuja kwa hiari yake. Ofisa akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Ujiji. Akauliza kama Ujiji kuna farasi. "Hakuna, afande," nikasema, "ndiyo maana nataka kuwaona." Watu wakacheka, na yeye akacheka, na akaliandika jina langu.

Nilipokuja likizo nikamwambia mama. Aliacha kukoroga mboga. "Farasi? Kwani umekuwa sultani?" Akaniuliza nikianguka nitaangukia wapi. Nikamwambia nitaangukia chini kama watu wengine. Hakupenda jibu lile, na tangu hapo hakuniuliza tena habari za kazi. Aliuliza kama ninakula, kama ninaswali, kama nina godoro. Farasi hakumtaja.

Kazi yenyewe, kabla ya kupanda, ni kuzoa mavi. Watu hawalijui hilo wanapotuona kwenye gwaride. Unaamka alfajiri, unafagia banda, unapiga burashi, unachokonoa uchafu kwenye kwato, unabeba ndoo za maji mpaka mabega yanalia. Siku niliyokalia tandiko kwa mara ya kwanza nilidondoka kabla sijashika hatamu sawasawa. Mkufunzi wetu, mzee mwembamba asiyependa maneno, alinitazama nikiwa nimelala kwenye mchanga akaniuliza, "Umeumia au umeaibika?" Nikamwambia nimeaibika. "Basi panda." Nikapanda, na sikutaka kushuka tena.

Nilipokuwa koplo nikapewa farasi ambaye hakuna aliyemtaka. Alikuwa mwekundu, mrefu, na jicho lake la kushoto lilichomwa na tawi likaota ukungu. Wenzangu walimpa jina la matusi ambalo sitaliandika hapa. Alikuwa anapiga mateke, anang'ata, na akiona kitambaa kinapepea anataka kuvunja ukuta. Ila ukimtazama vizuri, kosa halikuwa lake. Sheria ya farasi ni kwamba unamwendea na kumpanda kwa upande wa kushoto. Kila siku watu walikuwa wanamtokea upande ule asioona, wanamshika bila kusema neno, halafu wanashangaa akiruka. Daktari wa mifugo alitaka jicho lipakwe dawa, basi walimfunga kamba wakamshikilia kwa nguvu, na kila walipomshikilia leo, kesho yake walihitaji mtu wa kuongeza.

Nikaomba waniachie. Nilimwendea kwa kulia, nikisema tangu mlangoni kwamba nakuja. Nikasimama karibu na bega lake, basi. Sikuwa na dawa wala kamba. Kesho yake nikaweka mkono begani, mkono mtupu. Sheria yangu ilikuwa moja tu, niuondoe mkono kabla yeye hajakataa. Polepole mkono ukapanda shingoni, ukafika shavuni, ukafika juu ya jicho, na siku nilipokuja na dawa kidoleni alipumua kwa nguvu tu akaniachia. Ya kitambaa nayo niliifanya hivyohivyo. Nilitundika khanga yangu bandani kwake, mbali kwanza, kisha karibu, mpaka ikawa kitu cha nyumbani kwake na akawa anaifutia pua. Kumpanda nilimpanda kwa kulia. Mkubwa mmoja alikuja kukagua akaniuliza kwa nini napanda kinyume. Nikamwambia, "Afande, kinyume ni upande ule asioona." Akatikisa kichwa akapita zake.

Yule farasi ndiye aliyenipatia nishani. Ilikuwa siku ya mpira, uwanja umejaa, na nje watu bado wanasukumana kuingia kwenye geti jembamba. Wa mbele walikuwa wamebanwa, wengine wameshaanguka, na wa nyuma hawajui, wanaimba na kusukuma. Nilimwingiza farasi kati ya walioanguka na wanaokuja, nikamgeuza ubavu, akawa ukuta. Nilimgeuza kwa makusudi jicho bovu liwe upande wa umati. Farasi anayeona watu wote wale wanamjia angekimbia, na angekimbilia juu ya walioanguka. Wa kwangu hakuona kitu. Alisikia sauti yangu tu, nikimwambia upuuzi wa bandani, habari za pumba na maji, naye akasimama. Watu wakatolewa chini ya tumbo lake wakiwa hai, wakiwemo watoto. Mimi nilivunjika goti kwenye nguzo ya geti, na siku ile sikusikia maumivu.

Watu husema ujasiri. Nauheshimu ujasiri, lakini mimi nilijua ninachokifanya, na hilo najivunia kuliko nishani yenyewe. Nilivishwa mbele ya wakubwa, bendi ikapiga, picha zikatoka. Nikamtumia mama picha kubwa ndani ya fremu. Kaka akaniambia baadaye kwamba ameiweka uvunguni. Iliniuma sana. Mtu mzima, mwenye cheo, nilikuwa nataka mama yangu aniulize tu, "Ilikuwaje?" Hakuuliza. Likizo zilikuja zikapita, akaniuliza kama ninakula, na mimi kwa jeuri yangu nikaapa sitamwambia mpaka aniulize mwenyewe.

Basi siku ile nilirudi kutoka mwaloni nikiwa nimepoa. Kesho yake nikaanza upya.

Baada ya sala ya alasiri mama hukaa mkekani barazani, miguu ameinyoosha, madumu yake ubavuni. Nikasema tangu uani, "Mama, ni mimi. Nakuja kwa kulia kwako." Nikakaa. Nikaweka mkono begani kwake.

"Unataka nini?"

"Sitaki kitu."

Na kweli kwa siku ile sikutaka kitu. Nikaondoa mkono, nikamwuliza bei ya mawese, tukasengenya watu kidogo, nikaenda kupika. Siku iliyofuata hivyohivyo. Nikawa namkanda mabega, kisha shingo. Hospitali sikuitaja hata kwa bahati mbaya. Kaka akapiga simu kuuliza nimefikia wapi.

"Nimefika begani," nikasema.

Akasema atapiga baadaye. Nadhani alifikiri nimechanganyikiwa kwa kustaafu.

Mkono ukapanda. Nikawa namfuta uso kwa kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu, paji la uso kwanza, kisha nyusi, kisha juu ya kope zilizofumbwa. Jicho la kushoto nililigusa kwa ncha ya kidole nikaondoa mkono kabla hajakunja uso. Alikuwa anatulia, hata anasinzia. Mchana mmoja, nikiwa nadhani amelala, akasema bila kufumbua macho, "Unanifuga, wewe?"

Nikafikiria kukana. Nikaona nitamkosea. "Ndiyo mama, nakufuga."

Alicheka mpaka madumu yakagongana. Nilikuwa sijamsikia akicheka vile tangu nirudi. "Haya, fuga," akasema. "Lakini hospitali siendi."

Nilibaki nimekwama hapo. Aliniruhusu kumgusa jicho, kumfunua kope, hata kumtia matone aliyopewa na daktari, lakini neno hospitali likiguswa anakuwa jiwe. Aliyenifungua macho ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mama wa Kiha ambaye naye alifanyiwa upasuaji uleule na sasa anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Aliniita asubuhi moja nikiwa nafagia. "Mwakeye," akanisalimu, nikaitikia, akanivuta pembeni.

"Mimi ndiye nimemtia hofu mama yako," akasema. "Nilimsimulia yote ili apate moyo. Nikamwambia haiumi. Nikamwambia unalala chali, wanakufunika uso na kitambaa chenye tundu la jicho, unasikia wanavyoongea, wanamaliza. Nilipofika kwenye kitambaa akainuka akaingia ndani. Toka siku hiyo hataki."

Nikaacha ufagio. Nilielewa palepale, nikashangaa sikuwaza mwenyewe.

Nyumbani kwetu hakuna mtu anayejifunika uso. Majirani zetu wote hulala wamejifunika shuka gubigubi kwa ajili ya mbu. Sisi tulikuwa tukijifunika hivyo tu, mama anakuja anaivuta. "Funua uso! Aliye hai hafunikwi." Hata wageni hawakusamehewa. Baba yangu alikuwa akifanya kazi kwenye boti za mizigo, akafa maji, na walimleta kutoka ziwani amelazwa kwenye ubao, usoni ana khanga ya mama. Ilikuwa khanga aliyoondoka nayo mwenyewe asubuhi, kufungia chakula. Mama aliifunua akamtazama, akaifunika. Mimi nilikuwa mlangoni niliona. Toka hapo kitambaa usoni ni cha maiti tu, na sisi watoto tulilijua hilo kama tunavyojua njia ya kwenda shule. Na mtu mwenye jambo kama hilo moyoni halainiki kwa kuelezwa habari za mtoto wa jicho.

Alasiri nikakaa kulia kwake kama kawaida. Nikamwambia, "Mama, jirani ameniambia habari ya kitambaa."

Vidole vyake vikaanza kusugua mfuniko wa dumu.

"Sitakufunika," nikasema. "Nifunike mimi kwanza."

Nikalala chali mkekani, kichwa karibu na paja lake. Nilisikia anapumua. Nilidhani atainuka aingie ndani kama alivyomfanyia jirani. Badala yake akapapasa akanipata paji la uso, akapitisha mkono puani, mdomoni, kidevuni, kisha akaitoa khanga yake ya begani akanitandikia usoni. Ilinukia mawese na sabuni ya kipande. Mwanga ukawa wa rangi ya chungwa. Nikakaa kimya, nikahema taratibu makusudi ili ahisi kwa mkono kitambaa kinapanda na kushuka.

Haikuchukua muda, akaivuta ile khanga kwa nguvu. "Basi! Basi, toka!" Akanishika uso kwa mikono miwili, ameuinamia na macho yake yale meupe, na machozi yananidondokea.

"Ndivyo nilivyokuona siku ile ya uwanjani," akasema.

Nikaishika mikono yake.

"Jirani alikuja mbio kutoka sokoni, akasema redio imetangaza watu wamekanyagana Dar es Salaam na askari wa farasi yumo. Sikuuliza zaidi. Niliingia ndani nikatoa khanga mpya sandukuni, nikakaa nayo mapajani, nangoja waje kunieleza mwili unakuja na treni ipi. Usiku kucha. Ulipopiga simu asubuhi nilikuwa nimeshamaliza kukulilia. Halafu nasikia umepewa nishani. Nishani ya nini? Mimi nimeshakuzika, wao wanataka nipige vigelegele!"

Alikuwa amekasirika, na hasira yake ilikuwa mpya kabisa, haijapoa hata kidogo. Nami nikaona jinsi nilivyokuwa nimemsoma vibaya miaka yote. Nilidhani hajali. Kumbe alijali mpaka hakuweza kulitamka. Nikakaa, nikamkumbatia, tukalia wote wawili barazani mchana kweupe, na mteja aliyekuja na dumu lake akaliweka chini akaondoka kwa adabu.

Tulipomaliza kujifuta nikamwambia, "Mama, nilikuwa chini ya hiyo khanga. Nimetoka. Unanisikia ninavyoongea."

Akapenga kamasi. Akaikunja khanga, akaikunjua. "Lala tena," akasema.

Nikalala. Safari hii aliniacha zaidi. Akawa ananiuliza maswali nikiwa chini ya kitambaa, mboga gani leo, kaka yako amepiga, na mimi nikawa najibu, na kila nikijibu vidole vyake vikawa vinalegea. Mwisho akanifunua mwenyewe, bila pupa. "Kesho zamu yangu," akasema. "Na usiniguse mpaka niseme."

Hatukuharakisha. Siku ya kwanza alijifunika mwenyewe, akajifunua kabla sijamaliza kusema shikamoo. Nikamsifu. Akaniambia nisimsifu kama mtoto. Siku nyingine akakaa zaidi, mimi nikiongea muda wote. Tukafika mahali akawa analala chali amejifunika, akimnadia mteja mawese kutoka chini ya khanga, na mteja anajibizana naye bei kama vile ni jambo la kawaida. Jirani wa Kiha alichungulia ukutani akaziba mdomo asicheke. Jioni ile mama akasema, kama mtu anayekumbuka kununua chumvi, "Mwambie huyo wa bajaji aje kesho."

Hospitali nilikwenda nikiwa nimenyooka. Nilimweleza daktari mapema, waziwazi, kwamba mama yangu ataingia kwa miguu yake na atalala mwenyewe, lakini naomba vitu viwili: kila mtu aseme kabla ya kumgusa, na mimi nisimame kulia kwake. Daktari alikuwa kijana mtulivu. Aliuliza kama mimi ni muuguzi. Nikamwambia hapana, mimi nilikuwa polisi wa farasi. Akanitazama, akanipa gauni na kofia nikavaa.

Wataanza na jicho la kushoto, akaeleza, maana hilo lilishafunga kabisa. Likikubali, la kulia litafuata baadaye. Mama akapanda kitandani. Nesi akasema, "Bibi, nakufunika sasa." Mama akasema, "Ngoja." Tukangoja wote, daktari na vyombo vyake mkononi. Niliona kifua chake kinapanda na kushuka, na niliogopa kuliko siku ya uwanjani, kwa sababu safari hii sikuwa na hatamu. Kama angeinuka pale, nisingemrudisha tena.

"Haya," akasema.

Kitambaa kikashuka. Nikamshika mkono nikaanza kuongea. Nilimwambia upuuzi, habari za dagaa, za paka wetu wa zamani, za mtu aliyekuja kununua mawese na chupa ya maji ya kunywa. Daktari akasema kwa upole kwamba naweza kupunguza sauti kidogo. Chini ya kitambaa ikatoka sauti ya mama, thabiti kabisa: "Mwache aongee." Nikaongea mpaka mwisho.

Tulirudi hospitali asubuhi yake kufunguliwa bendeji. Tulikuwa tumeambiwa kwamba jicho limekaa muda mrefu, kwamba wameondoa ukungu lakini hawawezi kuahidi. Nilikuwa sijala. Mama amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, mikono mapajani. Nesi akasema anamgusa, akamgusa, akabandua plasta polepole, akafuta kope, akamwambia afumbue.

Akafumbua. Akafumba. Akalalamika kwamba mwanga ni mkali, na nesi akatabasamu. Akafumbua tena, akatazama ukuta, akatazama kalenda, akatazama viatu vya nesi akasema ni vizuri. Kisha akageuka upande wangu, na uso wake wote ukabadilika.

"Nani huyu?"

"Ni mimi, mama."

Akanyoosha mkono. Nikasogea. Alinitazama mpaka nikaanza kuona aibu.

"Umezeeka," akasema. Hakuwa anatania. "Mwanangu, umezeeka, na mimi sikukuona ukizeeka."

"Usilie, bibi," nesi akasema haraka, "jicho bado bichi."

"Silii," mama akasema. Mimi ndiye niliyekuwa nalia. Akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaanza kunipitia kutoka juu taratibu: mvi, paji la uso, mikunjo ya macho, kovu la shavuni ambalo hakuwahi kuliona. Nimekaguliwa na wakubwa wengi katika maisha yangu, na sikumwogopa hata mmoja. Pale nilisimama wima, mikono ubavuni, nikamwacha amalize.